Gamu ya Marehemu

Ukifika Katoro ukauliza gamu ya marehemu ni nini, hata mtoto wa darasa la tatu atakuambia. Ni ile gamu rahisi, kitambaa chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi ndani ya kola ili isimame. Siku ya kwanza kola inasimama kama askari. Siku ya kufuliwa inaota malengelenge. Mafundi wanalisema neno hilo wakicheka, wauza mitumba wanalisema, na juzi nimemsikia dereva wa bodaboda akiliita hivyo tairi lake la bei ya kutupa. Uliza sasa nani alilitunga. Hapo hakuna anayejua, au anajua na ghafla ana haraka.

Alilitunga Paskalia, tuliyemwita Mama Maige, na ndilo lililomtoa mjini.

Mimi ni Bhoke, vijana huniita Mama Bhoke. Nina mashine ya ovaloki, ile inayoshona kingo za nguo ndani zisifumuke, na chumba changu kinatazamana na duka la vitambaa la Cornel. Mafundi wote wa kibaraza chake huniletea nguo zao. Kwa hiyo nguo za Katoro nimeziona kwa ndani, kule ambako fundi huficha uvivu wake. Mtu anapita barabarani kavaa, watu wanamsifia, mimi najua bitana yake imeshikizwa kwa uzi wa gunia.

Nguo za Mama Maige ungeweza kuzivaa nje ndani usiaibike.

Alizaliwa Songwa, kule kwenye almasi, na almasi hakuwahi kuishika. Cherehani alifundishwa na masista akiwa msichana. Mume alimfia mapema, akabaki na mtoto mmoja, Maige, akahamia Katoro wakati dhahabu imeanza kuita watu. Wenzake waliuza chakula kwa wachimbaji, wengine waliuza pombe, yeye akaweka cherehani kibarazani kwa Cornel akashona mashati.

Nieleze kibaraza, maana asiyejua atashangaa kwa nini mtu alilie sakafu ya saruji. Fundi hapangi chumba. Anakaa mbele ya duka la vitambaa, na mwenye duka anamwachia nafasi kwa sababu mteja akinunua kitambaa anamkuta fundi palepale. Mwenye duka anapata mauzo, fundi anapata kazi. Hakuna mkataba wala karatasi. Kuna nafasi tu. Na nafasi hazilingani: ya ndani, karibu na choo, mteja hafiki. Ya pembeni, karibu na barabara, ndiyo ya mfalme, kila anayepita anakuona mikono. Hiyo ya pembeni ilikuwa ya Mama Maige. Aliikalia tangu Cornel hajaota kitambi. Kwa fundi wa kibaraza nafasi ndiyo jina. Ukiondolewa, watu hawaulizi umekwenda wapi, wanauliza umefanya nini.

Watu walimfuata kwa ajili ya kola. Shati la kitenge la mwanaume, au gauni la mama lenye kola ya kusimama, bila gamu ni kanga tu yenye mikono. Na gamu ina dharau. Ukiiharakisha inakubali, inakuchekea, halafu inakuumbua mbele za watu. Mama Maige alikuwa analowanisha kitambaa kwanza kwenye beseni, anakianika, ndipo anakata, kwa sababu kitenge kipya kinasinyaa na gamu haisinyai, na wakigombana humo ndani kola inakunjamana. Gamu aliikata ndogo kidogo kuliko kitambaa, isiingie kwenye mshono. "La sivyo," alisema, "kola inanona kama shingo ya dume la ng'ombe." Upande wenye chembe za gundi aliulaza kwenye mgongo wa kitambaa, juu akatandika kitambaa chepesi chenye unyevu, ndipo pasi.

Na pasi hakuiburuta. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanapiga pasi gamu kama wananyoosha shuka, mbele nyuma, mbele nyuma, gamu inajivuta, inashika mahali na kuacha mahali. Yeye aliiweka katikati, akakandamiza, akatulia, akainua, akahamia pembeni kidogo, akakandamiza tena. Umeme ukikatika alitumia pasi ya mkaa, moshi ukampanda machoni. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Mkumbuke hilo, maana huku Usukumani mwanamke mwenye mvi na macho mekundu anajua aogope nini: kuitwa mchawi.

Sasa, pasi ikae kwa muda gani? Sista aliyemfundisha hakuwa na saa za kuwagawia wasichana. Aliwaambia kila mkandamizo ni Salamu Maria moja, kwa mwendo wa mtu anayesali, sio wa mtu anayekimbizwa na mbwa. Ukimaliza, inua. Basi Mama Maige aliposhika pasi, midomo ilicheza. Sauti haikutoka sana, ni mnong'ono.

Mle dukani, nyuma ya kaunta, alikuwa anakaa Bibi Eufrasia, mama yake Cornel, kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Macho yake yalikuwa yamefifia ila masikio yalikuwa ya sungura. Alimzoea Mama Maige kiasi kwamba waliigawana ile sala. Mama Maige alianza nusu ya kwanza huku nje, na Bibi akaitikia nusu ya pili kule ndani: Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Kisha pasi ikainuliwa. Mimi ni Msabato, rozari siishiki, lakini niliwasikia kila siku mpaka nikawa najua kola imefika wapi kwa kuwasikiliza.

"Bibi, unamshonea na wewe?" niliwahi kumtania.

"Mimi ndiye mwenye saa," akajibu. "Yeye ana mikono tu."

Mambo yaliharibika Cornel alipobadilisha gamu. Zamani alileta nzuri kutoka Mwanza. Halafu akaanza kuleta majora mepesi, meupe kama karatasi, ambayo gundi yake unaiona kwa kuitafuta. Na sheria ya kibaraza ni kwamba fundi anatumia gamu ya dukani hapo.

Mama Maige aliijaribu kwanza. Alikata kipande, akakibandika kwenye kitambaa chakavu, akakifua kwa sabuni kwenye beseni, akakianika kwenye waya mbele ya duka, wazi, wateja wanaona. Kilipokauka kilikuwa kimevimba vimba kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Akakipeleka kaunta.

"Cornel baba, tazama."

Cornel akakitazama bila kukigusa. "Shikamoo kwanza, Mama Maige."

"Marahaba. Tazama."

"Mbona wateja hawalalamiki?"

"Hawajafua bado."

"Ina maana hii gamu haina kazi kabisa?"

"Kazi inayo," akasema Mama Maige, na nilimwona anajizuia kucheka. "Inafaa nguo isiyofuliwa. Na nguo isiyofuliwa naijua moja tu, ya kuzikiwa. Hii gamu ni ya marehemu."

Kibaraza kizima kiliangua kicheko. Fundi mmoja alilalia cherehani. Wateja wawili watatu waliokuwa wanachagua vitambaa walicheka pia, mmoja akarudisha kitambaa alichokishika akaondoka. Cornel alicheka kwa meno tu. Mimi niliyaona macho yake. Nilisema moyoni, Mama Maige, hapo umemkanyaga mtu kidole kilichovimba.

Neno likatembea kuliko redio. Mteja akifika kibarazani anauliza, "Mama, unaniwekea ya walio hai au ya marehemu?" Mama Maige akawa ananunua gamu yake nzuri kimya kimya kwa mfanyabiashara mwingine, anaificha chini ya kitambaa cha cherehani. Cornel alijua. Hakusema. Mtu anayesema unajua amekukasirikia wapi. Cornel alikuwa anasubiri.

Aliyemsaidia ni Violeth. Huyu alikuwa fundi mpya, kijana, kapewa nafasi ya katikati, jirani kabisa na Mama Maige. Mwepesi kweli kweli. Angeweza kukata, kubandika na kushona kola wakati wewe unatafuta sindano. Pasi yake ilipita juu ya gamu kama gari la mgodini, vumbi tu. Nguo zake zikija kwangu nilikuwa nazishika kola nasikia zinalia kwa ndani, kwacha kwacha, gundi haijashika. Nikamwambia, "Binti, hii haifiki Jumapili ya pili." Akanijibu, "Mama Bhoke, kazi yako ni kingo." Haya. Nikashona kingo.

Wakati huo Bibi Eufrasia aliugua, akapelekwa Mwanza kutibiwa, akakaa huko muda mrefu. Kiti chake kikabaki kitupu nyuma ya kaunta. Mama Maige akawa hana wa kuitikia. Basi sala yote akawa anaisali mwenyewe, nusu ya kwanza na nusu ya pili.

Ndipo alipokuja Edson. Mchimbaji, kijana mchangamfu, meno yote nje. Duara lao, shimo wanalochimba, lilikuwa limetema, kama wanavyosema wenyewe dhahabu ikipatikana, na yeye alitaka shati la kitenge la kwendea nyumbani Ushirombo kumwonyesha mama yake kwamba hakupotea bure.

"Mama Maige, nalitaka haraka. Weka hata ile ya marehemu."

"Koma! Hiyo siweki kwa mtu anayepumua."

"Weka tu, Mama. Mimi huko chini nimeshakufa mara nyingi, ni vile hawajanizika."

Watu wakacheka, na Mama Maige akampiga kidogo na futi ya nguo begani. "Ng'wana wane, mwanangu, usiseme hivyo. Hili shati utalifua mpaka wajukuu wako walivae." Akatoa ile gamu yake nzuri mafichoni. Nilikuwa nimekwenda kuchukua nguo za ovaloki, nikamwona anainamia kola ya Edson, pasi mkononi, macho mekundu, midomo inacheza. Violeth naye alikuwa anamwangalia kwa pembeni, mkasi umesimama hewani.

Edson alilivaa shati, akatembea nalo mji mzima, akasema ataondoka kwenda Ushirombo baada ya kushuka mara ya mwisho. Hiyo mara ya mwisho duara likabomoka. Walimtoa kesho yake. Wenzake wakamvalisha lile shati, maana ndilo lilikuwa jipya.

Mama Maige alikwenda msibani. Nilikwenda naye. Alimtazama pale kwenye jeneza, akanyoosha mkono akaigusa kola kwa kidole kimoja tu, akalia mpaka tukamshika. Mtu analia kwa kazi yake na kwa mtoto wa mwenzake kwa pamoja. Wengine waliona kingine. Waliona mwanamke mwenye macho mekundu anaishika nguo ya maiti.

Maneno yalianza jioni ile ile. Kufika kesho kibarazani nikamkuta Violeth kazungukwa na watu, hata wachimbaji wamo.

"Mimi nilimsikia kwa masikio yangu," anasema. "Kwanza alisema gamu ya marehemu. Halafu akainamia kola ya yule kijana anatamka, kufa, kufa kwetu. Mara nyingi! Kila akiweka pasi, kufa."

"Alikuwa anamnuizia!" mmoja akasema.

"Kumbe ndiyo maana midomo haitulii."

Mama Maige alikuwa amekaa kwenye cherehani lake, mikono mapajani. Sijui kama alielewa mara moja. Nikajipenyeza katikati ya watu.

"Violeth," nikasema, "ile ni Salamu Maria. Sasa na saa ya kufa kwetu. Wakatoliki nchi nzima wanaisema, mbona hatujafa wote?"

"Mimi mlokole, Mama Bhoke. Mambo ya rozari siyajui. Nimesema nilichosikia."

"Umesikia mkia ukatengeneza ng'ombe mzima!"

Wakacheka wachache. Nikaona kicheko hakitoshi. Nikageukia kaunta. Cornel alikuwa amesimama pale, mita yake ya mbao mkononi. Huyu Cornel ndiye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao. Kila wiki walikaa pamoja na Mama Maige kwenye mikeka, wanaisali sala ile ile shanga kwa shanga, na yeye ndiye anaongoza. Mama yake mzazi ameiitikia mle dukani, nyuma ya mgongo wake, miaka nenda miaka rudi.

"Baba Cornel," nikamwambia, "waambie hawa. Wewe unajua alichokuwa anasema."

Watu wote wakamgeukia. Ilikuwa kazi ya kufungua mdomo tu. Angesema, jamani, ni sala, na wale wangesema ahaa, wakaenda kunywa chai.

Cornel akaipima ile mita yake kwa macho, kama hajawahi kuiona.

"Mimi nilikuwa nahudumia wateja," akasema. "Sikuwa nasikiliza."

Mama Maige akainua uso akamtazama. Hapo ndipo alipoelewa.

Baada ya hapo ilikuwa kuteremka tu. Wachimbaji ni watu wanaoogopa mikosi. Anayeshuka ardhini kwa kamba hawezi kuvaa nguo yenye maneno. Kitambaa kilinunuliwa dukani kikapelekwa kwa Violeth. Waliompelekea Mama Maige kazi walikuja kuzichukua hazijaisha. Mwanamke mmoja alichukua gauni lake lina mkono mmoja. Maige, mwanawe, alikuwa anachimba huko Nyarugusu. Alipiga simu, na mama yake aliiweka sauti juu kwa kuwa masikio yamechoka, basi nikasikia. Kijana aliuliza, "Mama, kwani ulisema nini?" Hakuuliza wamesema nini. Mama Maige akamjibu, "Nilisali, baba," akakata simu, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa kuingia.

Cornel alimfuata kwa upole kabisa. Watu wabaya wenye kelele siwaogopi, nawaogopa wapole.

"Mama Maige, mimi sina neno na wewe. Ila biashara haitaki maneno. Upumzike kidogo, upepo upite."

"Na nafasi yangu?"

"Nafasi ipo. Nani ataichukua?"

Alipoondoka na cherehani lake kwenye toroli, Violeth alihamia pale pembeni kabla doa la mafuta ya mashine halijakauka sakafuni.

Alipata chumba uani, mtaa wa nyuma, karibu na karasha linalosaga mawe ya dhahabu. Vumbi linaingia hadi kwenye chumvi. Ukilowanisha kitambaa ukakianika, kinarudi na rangi ya ukuta. Aliweka viraka kwenye sare za shule. Mimi nilimpelekea kazi ndogo ndogo, na kila nikifika aliniuliza kitu kimoja.

"Bibi amerudi?"

"Bado."

"Akirudi atasema."

Hilo ndilo alilolishikilia. Bibi Eufrasia atarudi kutoka Mwanza, atakaa kwenye kiti chake, ataona nafasi ina mtu mwingine, atasema mbele ya watu: mimi ndiye niliyekuwa namwitikia. Na Cornel hawezi kumbishia mama yake. Nami niliamini. Tulikuwa wajinga wawili, mmoja ana cherehani, mwingine ana ovaloki.

Bibi alirudishwa kwa gari, amelala. Hakukaa kwenye kiti tena. Alilazwa chumba cha ndani, na aliyeingia huko ni yule aliyeruhusiwa na Cornel. Nilikwenda kumwona nikaambiwa amelala. Nikaenda tena, amelala. Mama Maige hakwenda. Alisema hatabisha hodi kwenye mlango aliofukuzwa. Baadaye binti wa jikoni alinidokeza kwamba Bibi alikuwa anauliza, "Mbona siku hizi pasi haisali?" na Cornel alimjibu kwamba Mama Maige amehama mwenyewe, kapata pazuri.

Bibi alikufa asubuhi, kimya. Mchana nilikuwa uani kwa Mama Maige nimempelekea kaptura za shule, tukasikia hodi. Cornel. Peke yake, kofia mkononi, na kifurushi cha gazeti kwapani.

"Shikamoo, Mama Maige. Shikamoo, Mama Bhoke."

"Marahaba," tukaitika. "Pole na msiba."

"Nimeshapoa." Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kifuani. "Mama ameacha neno. Amesema gauni lake alishone Mama Maige. Alisema akishona mwingine atalivua."

Mama Maige akajifuta macho kwa upande wa kanga. Sijui kama alicheka au alilia. Akafungua kifurushi. Kitambaa cheupe kizuri, na juu yake gamu imekunjwa. Akaishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua, akanipa na mimi niishike. Nzito, laini, chembe za gundi zimepangwa kama mtama kwenye suke. Ile ya zamani.

Mdomo wangu hukaa kimya nikiwa kanisani tu. "Baba Cornel, hii umeitoa wapi?"

"Ipo ipo tu pale ndani."

"Siku zote?"

"Kidogo. Ya nyumbani."

"Basi Bibi kakosea kufa," nikasema. "Ya marehemu umewauzia walio hai, na ya walio hai umemletea marehemu."

"Bhoke," Mama Maige akanikataza. Kisha akamgeukia Cornel. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba, nije nishonee pale? Pale kibarazani. Niketi pembeni pangu, nimshonee Bibi, watu waone. Nikimaliza nitarudi huku. Sikuombi nafasi. Watu waone tu."

Nilimtazama Cornel. Nilidhani hata jiwe lingekubali.

"Hapa hapa, Mama," akasema. "Nyumbani wamejaa waombolezaji. Wakikuona wataanza tena maneno. Tusimsumbue marehemu."

Mama Maige akatikisa kichwa polepole. Akawasha mkaa, umeme ulikuwa umekatika. Alilowanisha kitambaa, tukakipunga hewani mpaka kikakauka, akakata, akakata na gamu, ndogo kidogo, isiingie kwenye mshono wa kola ambayo hakuna atakayeifua. Cornel alitaka kuondoka, Mama Maige akamwambia, "Kaa, baba. Hii kazi ina watu wawili."

Akaweka pasi katikati ya kola. Akakandamiza. Akaanza, kwa sauti kamili, sio mnong'ono, majirani wa uani wakasikia: "Salamu Maria, umejaa neema." Akafika mwisho wa nusu yake. Akanyamaza. Pasi bado ipo chini. Akamtazama Cornel.

Kitambaa kilianza kutoa harufu ya joto. Nilijua kikizidi kidogo tu kitapiga rangi ya chai, na yeye alijua, na mkono hakuuinua. Cornel alijua pia. Hakuuza vitambaa maisha yake yote bure.

"Maria Mtakatifu," akasema Cornel haraka, "Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Pasi ikainuka. Kitambaa cheupe kama maziwa.

"Kumbe unaijua," Mama Maige akasema.

Akahamia pembeni kidogo, akaanza tena. Waliendelea hivyo mpaka kola ikaisha, yeye anaanza, Cornel anaitikia macho yakiwa sakafuni. Kisha akailaza kola kwenye ubao ipoe, hakuna kuigusa, maana gamu ya moto ukiinyanyua inajikunja na umepoteza kazi yote. Tukakaa tukiingoja, watu watatu, na karasha linasaga nje.

Gauni lilipokwisha Cornel alilikunja vizuri. Halafu akaokota vipande vya gamu vilivyobaki, hata kile chembamba cha kukata pembeni, akavikunja pamoja kwenye gazeti. "Visipotee," akasema.

Msibani watu walilisifia gauni. Bibi alilala na kola imekaa shingoni kama imechorwa. Nikamsikia mama mmoja wa jumuiya akiuliza nani kashona. Cornel alikuwa hatua chache kutoka kwangu. Akasema, "Limeshonwa dukani kwetu." Violeth alikuwa karibu, akainamisha kichwa, akapokea sifa.

Nilisema. Msifikiri sikusema. Nilisema palepale nani kashona na wapi, na nani aliitikia, na wakaniambia Mama Bhoke msiba sio mahali pa ugomvi. Siku nyingine barabarani wakaniambia mambo hayo yamepita. Kuna mahali ambapo ukweli una wakati wake? Nionyesheni.

Mama Maige hakusubiri matanga yaishe. Alipakia cherehani kwenye lori la mchele akaenda Kagongwa.

Nilimtembelea huko. Anakaa mbele ya mashine ya kukoboa, anashona midomo ya magunia, na siku zisizo na mchele anashona mashati. Nilimkuta ana kola mezani. Beseni lipo, kitambaa chenye unyevu kipo, pasi ya mkaa ipo. Akaiweka katikati, akakandamiza, akatulia, akainua, akahamia pembeni. Kila kitu kilikuwa kama zamani, ila uso ulikuwa mgeni kwangu na sikujua kwa nini. Nikamwangalia vizuri. Alikuwa amebana pini kwa midomo, safu nzima, zimesimama kama meno.

"Mama Maige, pini za nini? Kola haina hata pini moja."

Akazitoa, akazishika kiganjani.

"Za kuzuia midomo isicheze," akasema. "Hapa bado hawanijui."

Akazirudisha mdomoni, akainamia kola.